Kitufe Alichobonyeza Shangazi

Mimba ya binti yangu ilipofika miezi saba, shangazi yangu alishuka Goba na kikapu. Ndani mlikuwa na doti mbili za kanga, chupa ya mafuta ya nazi aliyokamua mwenyewe na mkeka mdogo wa kukalia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza mwali yuko wapi. Nikamwambia yuko kazini kwake Mbweni, saluni, atapita jioni. "Basi namsubiri," akasema, akatandika mkeka barazani.

Sie watu wa Newala, somo aliyekucheza unyago ndiye anayekusimamia siku ya kuzaa. Shangazi alinicheza mie, akaja akamcheza na binti yangu, kwa hiyo hakuna aliyemwita na hakuna aliyetakiwa kumwita. Alikuja kukaa mpaka uchungu uanze, aingie na mwali wake leba, atoke na mtoto mkononi. Nilimtengea chai. Kisha nikaingia stoo nikakaa juu ya gunia la unga.

Maana mie aliingia na mie leba, na mtoto wangu alikufa. Na kwa miaka saba kila mtu anajua kwamba aliyemuua ni mie. Nilikuwa nimebakiwa na miezi miwili ya kusema ukweli, la sivyo shangazi angeingia tena.

Nimeishia darasa la saba, sijui kuzungusha maneno. Kila aliyehusika nitamtaja kwa nafasi yake. Majina sitoi, wenyewe wakisoma watajijua.

Shangazi ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki sijaota meno ya pili, na baba alikuwa mchonga vinyago, mtu wa kutwa nzima kwenye magogo ya mpingo, hana habari na mtoto wa kike. Shangazi akanichukua kwake Mtoni, kule Temeke. Kazi yake ilikuwa kusugua vinyago kwa msasa. Baba na wenzie wakishachonga, vinaletwa kwake kwenye mafurushi, anavisugua mpaka ving'ae. Alisugua miaka thelathini. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kikawa si kidole tena, ngozi imekuwa kama kwato, imepasuka mistari mistari na weusi wa mpingo umeingia humo hautoki kwa sabuni yoyote. Nilipokuwa naumwa homa utotoni alikuwa ananipapasa paji la uso kwa kidole hicho, kinakwaruza. Hata leo nikifumba macho nakijua.

Nilipozaa binti yangu, kwa mume wa kwanza, nilikuwa na miaka ishirini na moja. Tulizalia zahanati ya serikali, hukohuko Temeke. Shangazi alinikunjia ncha ya kanga akanitia mdomoni, akaniambia mwanamke wa kwetu hasikiki. Nikang'ata. Nilisikia wengine wanalia, wanaita mama zao, wanawatukana waume zao, mie nimeng'ata kanga machozi yanaingia masikioni. Mtoto alipolia, nesi alishtuka, akauliza huyu mama amezaa saa ngapi. Shangazi aliisimulia hadithi hiyo kila penye wanawake watatu. Arusini, msibani, kwenye ngoma. "Mwali wangu alizaa nesi hana habari." Ilikuwa ndiyo sifa yake. Kwetu mwali akipiga kelele, wanaulizana nani alimfunda.

Yule mume wa kwanza aliondoka, habari zake hazina maana hapa. Niliolewa tena nikiwa nimeshakata tamaa, na mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wa Tegeta. Ukoo wao una asili ya Kiarabu, watu wa maduka tangu babu wa babu yao, na mie nilikuwa naleta chai na vitafunio pale dukani kwake. Ndugu zake hawakunipenda. Dada yake mkubwa, wifi yangu, hakujificha hata siku moja. Aliniitaga "mchongaji," hata kama anaomba chumvi. "Mchongaji, nipitishie chumvi." Mume wangu anacheka, mie nacheka, tunakula.

Nikashika mimba nikiwa na miaka thelathini na nane. Mume wangu alifurahi mpaka akawa ananifungia kamba za viatu. Kwa mke wa kwanza alikuwa amepata mabinti tu, na mie picha ilionyesha wa kiume.

Shida ilikuwa mgongo. Kabla ya ndoa hiyo niligongwa nikiwa kwenye bajaji, Mbagala, wakanifungia vyuma kwenye uti. Kwa hiyo nilipoanza kwenda kliniki kwenye ile hospitali ya binafsi aliyoichagua mume wangu, waliniita kuonana na daktari wa usingizi. Alikuwa kijana mrefu, mpole, anaongea taratibu. Akanieleza kwamba wengine huwa wanachomwa sindano ya mgongo wasisikie maumivu, ila kwangu mie haiwezekani kwa sababu ya vile vyuma. Nikamwambia mie sihitaji, nimeshazaa bila kitu. Akasema ulikuwa na miaka ishirini na moja na mgongo mzima.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Uchungu ulinishika alfajiri, saa mbili tulishafika hospitali. Yule kijana akaja na mashine ndogo juu ya mti wa dripu, ina bomba la dawa ndani, na waya unaoishia kwenye kitufe kama cha kengele ya mlango. Akaniwekea kitufe kiganjani, akanikunja vidole juu yake. Haya maneno nayakumbuka yote, nimeyarudia kichwani miaka saba.

"Mama, hiki ni chako. Uchungu ukianza kupanda, bonyeza. Dawa kidogo inaingia kwenye mshipa. Ukibonyeza tena papo hapo haitoi, mpaka muda upite."

Nikamuuliza nikipitiliza je.

"Dawa ikikuzidi utasinzia. Ukisinzia mkono unalegea, hubonyezi, dawa inapungua, unaamka. Usingizi wako ndio mlinzi wako. Kwa hiyo asibonyeze mtu mwingine. Sio nesi, sio mimi, sio mumeo."

Nikamwambia nimeelewa, na nilielewa. Ila alinieleza mie peke yangu. Shangazi alikuwa bado anavua viatu huko mapokezi, wifi alikuwa anaongea na simu kwenye korido. Hakuwaita akawaambia. Hakubandika hata kipande cha karatasi kwenye ile mashine. Huyo ndiye wa kwanza ninayemtaja, na namtaja kwa masikitiko kwa sababu alikuwa mtu mwema.

Dawa ilifanya kazi. Watu wanadhani maumivu yanaisha, hayaishi. Yalikuwepo, ila yalihamia nyumba ya jirani. Nasikia vurugu, vyombo vinavunjwa, lakini si kwangu. Nilibonyeza uchungu ukianza, nikapumua, ukapita. Shangazi alikaa kwenye kiti pembeni ya kitanda na mafuta yake, ananikanda kiuno. Alikuwa haiamini ile mashine. Aliitazama kama anavyomtazama mgeni asiyeaga anapotoka.

Kuna jambo ambalo sikulitegemea. Ile dawa ilinilegeza mdomo. Maumivu yenyewe yalikuwa madogo kuliko ya Temeke, lakini sauti ilikuwa inanitoka yenyewe. Nagumia. Naguna kama mtu anayebeba gunia. Nikijisikia nanyamaza, nikisinzia kidogo inatoka tena.

Wifi alikuwa amewekwa mlangoni. Hilo lilitoka kwa mume wangu. Alimwambia dada yake asiruhusu wanaume kuingia ingia, mke wake yuko wazi. Daktari aje akiitwa tu. Kisha akasema anakwenda kuwahi msikitini, akatoka. Wifi akavuta kiti akakaa kwenye uwazi wa mlango, pazia nusu, akawa ananisikia.

"Kumbe watu wa kusini nao wanalia?" akamwambia shangazi. "Si ulituambia mwali wako hasikiki? Ulitupigia hadithi mwaka mzima, bibi."

Niliuona uso wa shangazi, nilikuwa nina akili timamu bado. Ulikuwa uso wa mtu aliyevuliwa nguo. Akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, jikaze. Watu wa mumeo wanatusikia."

Nikamwambia, nadhani nilimwambia, sio mie shangazi, ni dawa. Wifi akacheka tena kule mlangoni.

Nilikuwa nimevalishwa kifaa kidoleni, kile cha kubana, kinachopima hewa mwilini. Kilikuwa kinachomoka kila nikijigeuza, na kikichomoka mashine inalia. Nesi alikuja mara ya kwanza akakirudisha, mara ya pili akakirudisha, mara ya tatu akazima sauti. Alikuwa na wazazi wengine wawili, mmoja anatokwa damu. Akasema atarudi sasa hivi. Akamwambia shangazi, "Bibi, mwangalie mwenzio." Huyu nesi wa miwani namtaja. Nilimpenda, alikuwa na mikono ya joto. Lakini alizima sauti.

Kuanzia hapo nakumbuka vipande. Nakumbuka feni. Nakumbuka nimesinzia na mkono wangu umelegea juu ya shuka, kitufe kiko ndani ya kiganja. Na nakumbuka mkono mwingine unakuja juu ya mkono wangu, unanifunga vidole, na kidole gumba kinakaa juu ya kidole gumba changu na kukandamiza. Kigumu. Kinakwaruza. Na sauti inasema tulia, tulia. Kisha kimya. Nikiguna, kinarudi. Sijui mara ngapi. Kila sauti iliponitoka, kile kidole kilikuja kuinyamazisha, na mie humo ndani ya usingizi nilijisikia kama niko Mtoni nina homa na nimeshikwa paji la uso. Nilijisikia napendwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Daktari alikuja. Hili nilikuja kulisikia kwa wifi mwenyewe, alilisema kwa majivuno mbele za watu. Alisema yule kijana alifika mlangoni akauliza mgonjwa anaendeleaje, yeye wifi akamwambia amelala vizuri, hajasitirika, asiingie. Akauliza amelala tu, anaitika ukimwita? Wifi akamwambia, "Kijana, mwanamke amepata usingizi, unataka nimwamshe aumie?" Akaondoka. Angesukuma lile pazia. Pazia la kitambaa.

Kilichofuata nakijua kwa maumivu. Nilipigwa kifuani kwa ngumi, nimebanwa kitu mdomoni, mtu anapiga kelele mama vuta, vuta pumzi, vuta. Midomo yangu ilikuwa imebadilika rangi, waliniambia baadaye. Nesi wa miwani ndiye aliyerudi akaniona. Wakanichoma dawa ya kuiua ile ya kwanza, na jirani akahamia kwangu na vurugu zake zote kwa mpigo mmoja. Nililia. Mara ya kwanza maishani nililia kwa sauti yangu yote, sikuona aibu ya mtu. Mapigo ya mtoto yalikuwa yameshuka. Wakamvuta kwa kile kifaa cha kunyonya kichwa.

Hakulia. Nilisikia viatu, watu wanakimbia na mtoto wangu, ko, ko, ko, vinaishilizia kwenye korido.

Aliishi siku tatu. Nilimwona mara moja, nyuma ya kioo, nimekaa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa na nywele nyingi za babake. Kifua kilikuwa kinanyanyuliwa na mashine, chenyewe hakifanyi kitu. Siku ya tatu mume wangu na ndugu zake wakamchukua wakamzika. Wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo sijui alipo. Nilimuuliza mume wangu mara moja akasema, yupo na wenzie.

Baada ya wiki mbili hospitali ikatuita. Tulikaa kwenye chumba cha daktari mkuu, mama mtu mzima. Upande mmoja mume wangu na wifi, upande huu mie na shangazi. Kijana wa usingizi alisimama dirishani, amekonda. Daktari mkuu akaweka karatasi mezani. Akasema ile mashine ina kumbukumbu, kila kitufe kikibonyezwa inaandika saa. Akaonyesha kwa kalamu. Asubuhi mistari imeachana achana. Baada ya adhana ya mchana, mistari imebanana.

"Hapa mgonjwa alikuwa ameshalala," akasema. "Aliyelala habonyezi. Kuna mtu alimbonyezea?"

Akauliza vizuri tu, bila ukali. Akamtazama wifi, wifi akasema yeye alikuwa mlangoni. Akamtazama shangazi.

Shangazi alikuwa ameshika mikono yake mapajani, kidole gumba amekificha ndani ya ngumi. Hakumtazama daktari. Alinitazama mie. Alinitazama kama alivyonitazama ndani, siku za unyago, alipokuwa akitufundisha kwamba ya chumbani hayatoki nje, na aliyekufundisha humwaibishi hata kwa kisu. Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipokula kiapo kile. Na nilijua nikisema ni yeye, atatoka pale na askari. Na wifi alikuwa ameshafungua mdomo, nilijua atakachosema, kwamba hawa wachongaji wamemuua mtoto wetu.

Nikasema, "Mie. Nilikuwa nabonyeza mwenyewe."

Yule kijana wa dirishani akatikisa kichwa. Akasema haiwezekani. Daktari mkuu akaniuliza mara ya pili, mama una uhakika? Nikasema nina uhakika, maumivu yalinishinda.

"Si nilisema?" wifi akamwambia kaka yake. "Alitaka kulala. Amelala mtoto amekufa."

Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Shangazi akashusha pumzi, niliisikia. Nami katika wote ninaowataja, hapo najitaja na mie.

Talaka ilikuja baada ya miezi minne, kwa karatasi, iliyoletwa na dereva wa duka. Kule Madale nilikokuwa nakaa na mume wangu, wifi alikuwa ameshanipa jina. Nikipita dukani wanawake wanasema, huyo Mama Usingizi. Mmoja alinitania dukani mbele ya watu, shoga, leo umeamka? Nikahamia Goba, kwenye kilima huku, nikaanza kuwapikia mafundi ujenzi chapati na maharage. Mafundi hawajui jina lolote. Shangazi alikuwa anakuja kila baada ya wiki chache, analeta nazi, analeta mihogo. Tunakaa tunachambua mboga. Siku ile hatukuwahi kuitaja. Nilikuwa nasubiri aitaje yeye. Miaka saba nilikuwa nasubiri, na nilishajiaminisha kwamba huko moyoni anajua, na anateseka kama mie, na hiyo inatosha.

Sasa turudi kwenye kile kikapu.

Jioni binti yangu akaja, mguu umevimba, amebeba viatu mkononi. Akamwamkia bibi yake, akakaa kwenye mkeka apakwe mafuta. Akasema kliniki wamemwambia na kwao ipo ile mashine ya kitufe, akitaka. Alinitazama kwa hofu alipolisema hilo, kwa sababu na yeye alikuwa anajua ninachojulikana nacho.

Shangazi hakusita hata kidogo. Aliendelea kumkanda kifundo cha mguu. Akasema:

"Chukua, mjukuu wangu. Usiogope. Mie nitakuwepo pembeni yako, nitakusaidia kama nilivyomsaidia mama yako."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliiweka chini polepole.

Kumbe hakuwa anateseka. Miaka saba yule mama alikuwa analala usingizi wake vizuri. Katika hesabu yake alinisaidia, mambo mengine ni Mungu, na mwisho wa siku mwali wake alinyamaza.

Nikasema, "Hutoingia leba na mwanangu."

Akaniuliza nimesema nini. Nikarudia. Kisha nikamwambia binti yangu yote, mbele ya shangazi, nimesimama. Kidole, daktari alivyosema, mistari kwenye karatasi. Nilidhani nikisema mbingu itaanguka. Haikuanguka. Jirani alikuwa anafua.

Shangazi alifunika chupa ya mafuta, akaifuta na kanga.

"Uliulizwa na daktari ukasema wewe," akasema. "Mbele ya mumeo. Uliulizwa mara mbili. Leo umepata wa kumsingizia?"

Ilikuwa kweli. Uongo wangu alikuwa ameuhifadhi vizuri, na sasa aliutoa akanipiga nao. Binti yangu alikuwa anatutazama, huku na huku. Alilelewa na mikono hiyohiyo iliyonilea mie, alichezwa unyago chini ya kanga yake. Na mimi ni mama aliyesema mwenyewe mbele za watu kwamba maumivu yalimshinda.

Binti yangu akasimama kwa shida, akavaa viatu. Akasema, "Sitaki kujua nani mkweli. Siku yangu nyote wawili mtakaa nje."

Ilifika siku hiyo, asubuhi, Jumanne. Alichukua kile kitufe. Nilimwambia nesi wao wakati anampeleka ndani, nilimshika mkono, nikamwambia hakuna mtu wa kugusa isipokuwa yeye, na sauti ya mashine isizimwe. Nesi akasema tunajua mama, hapa ndugu hawaingii kitufe kikiwepo. Alisema kama jambo dogo. Nilitamani kumuuliza wamejifunza lini.

Tukakaa kwenye benchi, mie na shangazi, kikapu katikati. Wanawake wengine walikuwepo wanasubiri wao. Baada ya saa kama mbili binti yangu akaanza kupiga kelele. Dawa haiondoi yote, nimeshasema. Alipiga kelele za kweli, alimwita mumewe kwa jina na matusi juu. Mama mmoja mwenye chupa ya uji akacheka, akasema huyo ana mapafu, mtoto atatoka kwa woga.

Shangazi alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Kila kelele ilikuwa inamwinamisha. Mie kila kelele nilikuwa nasema moyoni, anapumua. Anapumua.

Kisha akaongea, kanga bado iko usoni.

"Ulikuwa unaguna. Kila ukiguna yule mwanamke anacheka. Nikasema nikunyamazishe kidogo tu, apate kukosa la kusema."

Nilingoja maneno hayo miaka saba na yalipokuja hayakunifanya chochote. Nikamuuliza, "Utakwenda kuwaambia?"

"Nani, mwanangu? Wameshaoa mwingine. Wameshasahau." Akashusha kanga. Macho yake yalikuwa makavu. "Na wewe ulishanibebea. Unirudishie sasa, mie mzee hivi?"

Mlango ukafunguka, mtoto analia huko ndani, nesi akauliza mama wa mzazi ni nani. Tulisimama wote wawili. Yeye alikuwa ameshashika kikapu.

"Kaa chini, shangazi," nikamwambia.

Akakaa. Nikaingia. Mtoto ni wa kike, mweusi, ana hasira. Nilimweka kifuani nikawa namwangalia mbavu zinavyopanda na kushuka zenyewe, mpaka binti yangu akaniambia mama, mlete, unamkodolea hivyo kwa nini.

Nilipotoka benchi lilikuwa tupu. Alirudi Mtoni mchana uleule, na hajakanyaga Goba tena. Ukoo mzima wa Temeke umeshapata habari kwamba nimemfukuza mwanamke aliyenilea, nimemwambia akae chini mbele za watu kama mtoto. Binamu zangu wamenipigia simu mmoja mmoja kuniuliza kama ni kweli. Nawajibu ni kweli. Wakiniuliza sababu nawaambia alibonyeza kitufe, na wao wananiambia, lakini wewe si ulisema ni wewe.